Mavi ya Kale Hayanuki: Namna ya Kununua na Kuuza Kiwanja Chenye Sumu Bariadi

Umechagua mji mzuri na wakati mzuri. Tangu Simiyu ikatwe kutoka Shinyanga mwaka 2012 na Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, kila mwenye vijisenti anataka fremu barabarani. (Ukiwa huku, neno vijisenti litamke kwa heshima. Lilivuma nchi nzima mwaka 2008 likitoka kinywani mwa mbunge wa hapa hapa, alipoulizwa kuhusu zaidi ya dola milioni moja zilizokuwa benki ya ng'ambo.) Lami imefika, ya Lamadi na ya Maswa. Nane Nane kitaifa ilifanyika Nyakabindi mara tatu mfululizo, 2018 hadi 2020, na mpaka leo dalali wa viwanja akikosa la kusema huanzia hapo.

Viwanja visafi vimeshachukuliwa, na vilivyobaki bei yake inatoa jasho. Wewe huna mtaji huo. Una ujasiri tu, na tumbo lisilouma kwa mambo madogo. Basi kuna viwanja ambavyo wenyeji wakivipita huangalia upande wa pili wa barabara. Hivyo ndivyo vyetu.

Wazee walisema mavi ya kale hayanuki. Wao walikuwa wanasuluhisha ugomvi wa ukoo. Sisi tunafanya biashara.

1. Fuata ng'ombe, kisha usimfuate

Usitupe hela kwa mtaalamu wa udongo. Simiyu imejaa wataalamu wa bure wenye miguu minne. Njoo mwezi wa tisa, malisho yakiwa yamekwisha na wachungaji wakigombania kila jani. Ukiona kipande chenye nyasi zilizosimama na hakuna ng'ombe hata mmoja, simamisha pikipiki. Ukiona kipande kisichoota kitu katikati ya eneo linaloota, simamisha na ushuke kabisa.

Bora kuliko vyote ni ghala la zamani la dawa ya pamba. Mkoa huu ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na wadudu wanaipenda pamba kuliko sisi tunavyompenda mnunuzi wake. Kwa miaka mingi zilikuja dawa za kila aina, DDT, halafu Thiodan, nyingine zikiwa na maandishi ya lugha ambayo mtunza stoo hakuisoma. Zilikaa kwenye maghala ya ushirika. Na ushirika wa kanda hii haukuwa kitu kidogo: shirikisho la vyama vya pamba vya Ziwa Victoria lilianza mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, likakua mpaka likawa fahari ya Afrika. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu. Miaka michache baadaye ikavirudisha. Mwanahistoria atakueleza hasara ya jambo hilo. Mimi nakueleza faida. Kila chombo kinapokufa, funguo za ghala hubaki kwa mtu fulani, lakini orodha ya vilivyomo hupotea. Pipa lililovuja mwaka ambao ghala halikuwa na mwenyewe, halikuvuja.

Cha pili kwa ubora ni eneo lililokuwa na karasha la kusagia mawe ya dhahabu. Hapo watu wamesaga, wakachanganya na zebaki, wakachoma, wakaondoka na kilichong'aa. Kilichobaki ni mlima wa mchanga laini unaoitwa marudio. Zebaki haina harufu, na hiyo ni baraka kwa muuzaji. Tutairudia.

Halafu ipo sheli iliyokufa, yenye matanki chini ya zege ambayo hakuna aliyekumbuka kuyafukua. Ipo gereji bubu iliyomwaga oili chafu kwa miaka ishirini mpaka ardhi ikawa nyeusi na laini kama lami. Hizo ni za wanafunzi. Jifunze nazo, kisha panda juu.

2. Ukinunua, uwe na pua ya mbwa. Ukiuza, uwe na mafua

Hii ndiyo kanuni mama, na wengi wanaigeuza. Wananunua kimya kimya, wanauza kwa maneno mengi. Wewe siku ya kununua ongea.

Kabla ya kumwona mwenye eneo, nenda kwa wanaokumbuka. Tafuta bibi aliyekuwa akiwapikia wapakuaji wa magunia. Mpelekee sukari kilo mbili na shikamoo ya kweli. Mwite mayu. Mwache azungumze. Atakuonyesha mahali mapipa yalipopangwa, mahali paa lilipoezuliwa na upepo, mwaka mvua ilipoingia, na upande ambao kuku wake walikuwa wakifa. Atakuambia pia mapipa matupu yalikwenda wapi. Yalinunuliwa, bila shaka. Pipa zuri la chuma halitupwi Usukumani. Lilioshwa kwa sabuni, likawekewa maji ya kunywa, na yale makubwa yakapikiwa pombe ya msiba.

Sasa umeshika mali. Nenda kwa muuzaji na pua yako. Fika, simama, vuta hewa, kohoa. Chukua udongo kiganjani, unuse, utoe leso. Taja jina la dawa. Sema una watoto wadogo. Sema mkeo anakataa. Ataanza milioni ishirini. Ukifika kikohozi cha tatu atakuwa kwenye saba. Toa kishika uchumba siku hiyo hiyo kabla hajapona mshtuko, na mbele ya mashahidi usirudie hata neno moja kuhusu harufu. Mwenyekiti wa mtaa atakuwepo na mhuri wake, na ile asilimia kumi ambayo haipo kwenye sheria yoyote lakini ipo kwenye kila kiwanja. Mpe. Mtu aliyekula kumi hukumbuka kidogo.

Kuanzia dakika mnapopeana mikono, umeshikwa na mafua. Hunusi tena. Bibi wa mapipa humjui.

3. Penda karatasi

Angalia hati miliki kwa makini, ndugu yangu. Ni karatasi safi kuliko zote alizowahi kuandika binadamu. Ina namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa kwa mita za mraba, matumizi, na miaka: 33, 66 au 99. Udongo haumo. Kilichomwagika hakimo. Kiwanja kikishapimwa na bikoni nne zikasimama, mnunuzi wa mjini hatazami tena katikati. Atakagua zile bikoni moja baada ya nyingine kama anayekagua magurudumu ya gari, atatikisa kichwa, atasema hapa hakuna longolongo.

Na ukisumbuliwa na dhamiri usiku, washa taa usome Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Wewe huuzi ardhi. Unauza haki ya kuitumia. Sasa kama ardhi si yako, sumu iliyomo itakuwaje yako? Zima taa ulale.

4. Chagua maneno

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya kazi umeshafanyiwa na lugha yenyewe. Hakuna mkulima wa Simiyu anayesema amekwenda kunyunyizia sumu. Anasema dawa. Mtoto akikohoa anapewa dawa, pamba ikikohoa inapewa dawa. Kwa hiyo mteja akiuliza, "Hapa palikuwa na nini?" mjibu bila kupepesa: "Palikuwa stoo ya dawa." Atafikiria zahanati. Mwache afikirie. Umesema ukweli mtupu na hata Mkemia Mkuu wa Serikali akikusikia hana pa kukushika.

Pahali pasipoota nyasi usipaite uwanda mtupu. Paite eneo lililosafishwa tayari, halihitaji kung'oa visiki. Pale penye nyasi ambazo mifugo haizigusi, sema ni ngitili. Neno hili ni tamu. Wasukuma wamekuwa wakifunga malisho yao ya akiba kwa jina hilo tangu mababu, na mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ule wa HASHI ulioanza mwaka 1986 wakati Simiyu ikiwa bado Shinyanga, uliyafufua mpaka yakasifiwa duniani. Mteja akisikia ngitili anaona babu mwenye busara aliyekitunza kiwanja kwa ajili ya wajukuu. Haoni pipa.

Kuhusu wadudu, jisifu waziwazi. Bariadi mchwa anakula mlango, fremu ya mlango na karatasi ya bima ya nyumba. Mwambie mteja, "Mzee, kwenye kiwanja hiki hajawahi kuonekana mchwa. Wala siafu. Wala nyoka. Hata panya hapiti." Kila neno ni kweli. Niliwahi kuona mtu akiongeza milioni mbili kwa ajili ya mchwa tu.

Marudio yaite mali ghafi, na hapa usiwe mjinga wa kuuza kiwanja pamoja na mlima wake. Uza mlima kwanza. Kuna watu wenye plenti watayachukua marudio na kuyaloweka kwenye sayanaidi ili wapate dhahabu iliyomshinda mwenye zebaki. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unaitaja tabia hiyo kwa jina: kuloweka kwenye sayanaidi mchanga wenye zebaki bila kuitoa kwanza zebaki. Imewekwa kwenye orodha fupi ya mambo mabaya kabisa ya kukomeshwa, pamoja na kuchomea zebaki katikati ya makazi. Wewe usiingie kwenye mjadala huo. Umeuza mchanga. Halafu uza kiwanja. Shimo lililobaki liite bwawa la samaki.

5. Moramu ni vipodozi vya ardhi

Bibi harusi hatoki bila kupambwa. Tripu kumi na tano za moramu nyekundu, greda nusu siku, ukuta wa matofali upande wa barabarani tu, na geti. Geti lipakwe rangi nyeusi na dhahabu. Ukiwa na geti, watu huacha kuuliza kuhusu ardhi wanaanza kuuliza kuhusu fundi wa geti.

Ila hapa sheria ina mtego mdogo, nami sitaki rafiki yangu apotee. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 17, inasema kwamba kunyamaza tu si ulaghai, isipokuwa pale ambapo unawajibika kusema. Kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ndiko ulaghai. Umeona tofauti? Mdomo uliofungwa umekubaliwa, koleo halijakubaliwa. Kwa hiyo moramu yako isiwe ya kuficha. Iwe ya mafuriko. Udongo wetu wa mbuga unakusaidia: ni mweusi, mzito, masika gari linazama mpaka ekseli. Andika kwenye daftari, kwa tarehe, "Kifusi cha kuzuia maji." Daftari likae mahali linapoweza kuonekana.

Udongo huo huo unaweza pia kukuumbua. Kiangazi mbuga hupasuka nyufa za kumeza ndala ya mtu mzima, na kila ulichomwaga juu kinashuka. Mvua zikianza unavimba, unafunga mdomo, na moramu yako inazama kiasi. Siku tatu za mwanzo wa mvua harufu ya zamani huamka na kusalimia jirani. Basi uza kati ya Juni na Septemba. Msimu wa pamba umefunguliwa, hela iko mtaani, ardhi imekauka, na pua za watu zimejaa vumbi.

Ukiogopa kwamba kufukia peke yake hakutoshi, kumbuka Vikuge, kule Kibaha. Mwaka 1986 nchi yetu ilipewa na Ugiriki zawadi ya tani 170 za viuatilifu, sehemu yake zikiwa zimeshapitwa na muda. Zikawekwa kwenye banda lililo wazi pembeni, kwenye shamba la serikali, na banda likaja kuanguka. Baadaye pakasafishwa: kilichoonekana kwa macho kikaondolewa. Watafiti wakaenda kuchukua udongo, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba udongo wa juu ulikuwa na DDT kufikia asilimia 28. Yaani makoleo manne ya udongo, moja na ushee ni dawa. Walikuta mabaki hadi nusu mita chini, na kwenye maji ya kisima pia. Wakasema udongo wenyewe sasa ni taka ya hatari. Msomaji mwoga atashtuka. Mfanyabiashara atasoma sentensi moja tu: kilichoonekana kwa macho kikaondolewa. Hicho ndicho kipimo cha nchi nzima, na moramu inakifikia.

6. Asiyepima hana majibu

Msimamizi wa mazingira wa serikali yupo, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na ndani yake imo kanuni kwamba aliyechafua ndiye alipe. Ni kanuni nzuri sana. Tatizo lake ni kwamba aliyechafua alikuwa chama, na chama kilikufa, kikafufuka, kikadaiwa, kikanyamaza. Wewe hukuchafua. Ulipita tu na hela yako.

Mnunuzi akitaka kujenga kitu kikubwa, ataambiwa afanye Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Hiyo ni tathmini yake, ya ndoto yake, katika mwaka wake. Usiisubiri.

Akija na wazo la kupima udongo, usipinge hata kidogo. Furahi. Mwambie ndivyo wanavyofanya watu waliosoma. Mchukulie bodaboda, mbebee jembe, mchagulie mahali. Mahali penyewe pawe pembeni, karibu na bikoni ya mashariki, pale ulipomwaga moramu nene. Au, kwa kuteleza kidogo tu, upande wa pili wa bikoni. Jirani ana udongo mzuri sana.

Ikitokea majibu yakaja mabaya hata hivyo, usiwe na haraka ya kukimbia. Lawama ni mzigo. Tafuta wa kuubeba. Maji yakiwa na ladha ngeni, sema floridi. Wilaya nzima ya Meatu inajua floridi kwenye visima, ni ya Mungu, haina mshitakiwa. Na ukibanwa kabisa, mkumbushe mteja Mto Mara. Machi 2022 maji yake yaligeuka meusi, samaki wakaelea, watu wakaanza kuangalia upande wa migodi. Kamati ya serikali ikachunguza, ikarudi na jibu: vinyesi na mikojo ya mifugo, pamoja na mimea iliyooza. Nchi ilicheka mpaka ikashika mbavu, lakini jibu lilibaki ndilo jibu. Sasa fikiria, ndugu yangu. Simiyu tuna ng'ombe wa kutosha kubeba lawama yoyote utakayowatwika, na tangu dunia iumbwe hakuna ng'ombe aliyekata rufaa.

7. Mnunuzi wako yuko kwenye basi la Mwanza

Epuka aina mbili za wateja. Wa kwanza ni wale wa pamba hai wa Meatu. Tangu mwaka 1994, mradi wa bioRe ulipoanza huko, wapo wakulima waliozoea kuuliza shamba limenyunyiziwa nini na lini. Mtu wa namna hiyo anaongea na ardhi. Mpishe. Wa pili ni mwanamke anayetafuta mahali pa bustani ya mboga. Atachimba kwa mikono yake kabla hajatoa shilingi.

Unayemtaka ni mstaafu mwenye kiinua mgongo. Au kijana wetu aliyefanikiwa Dar, anayerudi mara moja kwa mwaka na miwani ya jua. Hao hawanunui ardhi. Wananunua jina. Anza na mwangaluka, muulizie wazazi, kisha msimamishe pembeni mwa barabara, umwelekeze juu, hewani, ghorofa ya tatu ambayo haijajengwa. Mwambie, "Mkubwa, hapo juu jina lako litasomeka kutoka kwenye basi la Mwanza." Usiseme zaidi. Mtu anayeangalia bango haangalii miguu yake imekanyaga nini. Atauliza bei kwa sauti ya mtu ambaye ameshalipa.

Taasisi nazo ni nzuri, hasa shule. Mwalimu wetu wa zamani katika hili ni kampuni ya kemikali ya Hooker, huko Niagara Falls, Marekani. Ilikuwa na mfereji wa kale usiotumika. Ikaujaza taka zake, zaidi ya tani 20,000, ikafukia, na mwaka 1953 ikaukabidhi kwa bodi ya shule ya mji kwa bei ya dola 1. Shule ikajengwa. Nyumba zikaizunguka. Mwaka 1978 Rais Carter alitangaza hali ya dharura na familia zikaanza kuhamishwa. Kinachonivutia ni kwamba Hooker waliandika kwenye hati yenyewe kwamba chini pana kemikali. Waliandika! Na bado watu wakajenga. Kwa hiyo hata ukweli, ukiuweka ukurasa wa pili baada ya vipimo vya mipaka, hauharibu mauzo.

8. Kodi

Mikataba miwili, mmoja wa kwenu na mmoja wa TRA. Wewe mtu mzima, nisikueleze zaidi.

9. Jifunze kwa waliokamatwa

Nisingekuwa mwungwana nisipokueleza yaliyowafika wenzetu. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilichobandikwa ukutani mwa nyumba za watu. Vibali vilikuwepo, na wakubwa walikuwepo. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka mfanyakazi mmoja wa ofisini, Phyllis Omido, mtoto wake alipougua. Hospitali walitibu malaria, wakatibu taifodi. Mama hakutulia. Akadai kipimo cha damu, na mtoto akakutwa na risasi, si ile ya bunduki, ile ya betri. Hapo pakaharibika. Akapita nyumba kwa nyumba. Akakamatwa, akatoka, akaendelea. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo usafishwe ndani ya miezi 4 au ziongezwe milioni 700. Kesi ikapanda na kushuka kwenye rufaa kwa miaka, na bado haikufa.

Umeona kosa lilipokuwa? Wenye kiwanda walijipanga kwa ajili ya serikali, kwa ajili ya waandishi, kwa ajili ya vyama. Hawakujipanga kwa ajili ya mama mmoja asiyeridhika na jibu la malaria. Mpaka leo sijapata hatua ya kukupa juu ya hilo. Nimejaribu. Nikimaliza kuandika hatua hiyo inanijia sura ya mtu ninayemfahamu, naifuta.

(Na ukiwa umeuliza, ndiyo, mimi mwenyewe mauzo yangu ya kwanza nilibakiza pembe ya kiwanja nikajenga. Mke wangu alipanda mchicha upande wa nyuma. Ulistawi ajabu, mpana kama sahani, hauna tundu hata moja la mdudu. Miaka yote hiyo nimekuwa nikimwambia mchicha unanipa gesi.)

10. Baada ya mauzo

Usihame. Muuzaji anayehama anaanza kutafutwa. Badilisha laini ya simu, basi, na uendelee kunywa chai yako mahali pale pale. Mnunuzi akikusalimia, mwulizie ujenzi. Akilalamika kwamba mafundi wanaumwa vichwa, laumu jua.

Kisima watachimba, huwezi kukizuia. Mji huu umekua kwa maji ya visima. Na maji hayajui bikoni. Yatapita chini ya ukuta wako wa upande mmoja, yatapita chini ya kiwanja cha jirani, na yatakayokimbilia mtoni yatafika Ziwa Victoria, nasi ziwa lile tunalila kila siku kwa gunia la dagaa kutoka Lamadi.

Mwaka wa pili, kama mambo yamekwenda kama nilivyokufundisha, utaletewa kadi. Yule mstaafu ameona fremu hazilipi haraka, ameamua kufungua shule ya awali ya mchepuo wa Kiingereza. Geti ni lile lile lako, limepakwa upya. Wewe ni mgeni rasmi mdogo, kiti cha mstari wa pili, kwa sababu ndiye uliyemsaidia kupata eneo. Lazima uende. Usipoenda watauliza.

Vaa suti. Omba soda, ifunguliwe mbele yako. Kachumbari ipishe. Ukibembelezwa na maji ya jagi, sema umefunga; wakikuona na paja la kuku mkononi, sema umefunga maji.

Kisha, kabla ya pilau la meza kuu, watapita watoto wa shule na mabeseni kuwanawisha wageni. Wamefundishwa vizuri. Wa kwako atapiga magoti kama alivyoelekezwa na bibi yake, atainua jagi kwa mikono miwili midogo, maji yakimmwagikia mpaka kwenye viwiko. Nyoosha mikono. Nawa. Sema asante, mama. Ila usimwulize ni mtoto wa nani, maana Bariadi yenyewe ni ndogo.